Tumbo limejaa maji, bandama imevimba: ni sirosisi au kichocho cha ini?

Nesi_wa_Ziwani (Ujiji)

Wakuu, habari za muda huu. Naomba msaada wa wenye uelewa wa ini, hasa madaktari na watu wa maabara mliomo humu.

Huku kando ya ziwa tunapokea wagonjwa wanaofanana sana. Mtu mzima wa miaka 30 hadi 50, mvuvi au mama anayeanika dagaa, tumbo limekua, ukipapasa chini ya mbavu za kushoto unakuta kitu kigumu, na wengine wameshatapika damu. Wakirudi na karatasi ya utrasaundi, mmoja ameandikiwa sirosisi, mwingine ameandikiwa makovu kuzunguka mishipa ya lango. Nyumbani wote wanaambiwa neno moja tu: "ini limesinyaa, pombe hiyo." Kumbe wamo watu wa swala tano, pombe hawaijui hata harufu yake.

Je, haya ni magonjwa mawili au ni moja lenye majina mawili? Nikiwa kituo cha afya, bila kamera ya tumbo, nayatofautishaje? Na ushauri wa chakula na dawa ni ule ule kwa wote?

---

Daktari_wa_Tumbo

Dada, hapo umegusa penyewe. Ni magonjwa mawili, Kigoma inayo yote, na mtu mmoja anaweza kuwa nayo kwa mpigo. Ili uyatenganishe, anza na njia ya damu ndani ya ini.

Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo 1.2 hadi 1.5. Limekaa nyuma ya mbavu za kulia, chini ya kiwambo cha kupumulia. Upande wake wa kulia ndio mkubwa. Wa kushoto ni mdogo na unavuka mpaka chini ya chembe cha moyo. Damu inaingia kwa njia mbili. Robo hivi inaletwa na ateri ya ini, damu yenye oksijeni nyingi. Robo tatu inaletwa na vena ya lango, ambayo imekusanya damu ya utumbo, kongosho na bandama. Ukijumlisha ni karibu lita moja na nusu kila dakika.

Humo ndani mishipa hiyo inagawanyika na kugawanyika tena mpaka kufikia vifungu vyenye upana wa milimita 1 hadi 2. Pembeni mwa kila kifungu wanatembea watatu pamoja: kitawi cha vena ya lango, kitawi cha ateri, na kijifereji cha nyongo. Damu inaingilia pembeni, inapita taratibu kwenye vijia vyembamba katikati ya safu za seli za ini, kisha inatokea kwenye vena ya katikati na kwenda moyoni. Nyongo inatembea kinyume chake, kutoka seli kuelekea pembeni.

Kazi yote inafanyika kwenye vile vijia. Hapo ndipo sukari inawekwa akiba na kutolewa unapokaa na njaa, amonia (sumu inayotokana na protini) inageuzwa yurea, bilirubini (rangi ya njano ya damu iliyochakaa) inaandaliwa itoke na nyongo, dawa na pombe vinavunjwa, albumini (protini kuu ya damu) na vigandisha damu vinatengenezwa. Kandokando ya vijia kuna seli za nyota, ambazo siku za amani zinatunza vitamini A. Ini likiumizwa muda mrefu, seli hizi zinaacha kutunza vitamini na kuanza kumwaga kolajeni, yaani nyuzi ngumu za protini. Kolajeni hiyo ndiyo kovu.

Kwenye sirosisi seli zenyewe za ini zinakufa miaka na miaka, iwe kwa virusi vya homa ya ini B au C, pombe, au mafuta yanayojazana kwenye ini la mwenye kisukari na unene. Makovu yanaunganisha kifungu hiki na kile, na seli zilizosalia zinajaribu kuota upya, lakini zinaota kama vinundu visivyo na mpangilio. Damu inapita kwa shida, na inayopita haikutani vizuri na seli. Kwa hiyo mgonjwa ana hasara mbili kwa wakati mmoja: presha ya vena ya lango imepanda, na kazi za ini zimeshuka.

Kichocho cha tumbo kina mwendo mwingine kabisa. Minyoo dume na jike wanaishi kwenye vena za utumbo mpana. Jike mmoja hutaga mayai 100 hadi 300 kwa siku. Mengine yanatoboa utumbo na kutoka na choo. Mengine yanasombwa na damu ya vena ya lango hadi kwenye ini, na kwa kuwa yai ni kubwa kuliko kijia, linakwama mlangoni, kwenye vitawi vya pembeni. Mwili unalizungushia uvimbe mdogo, na uvimbe huo unaacha kovu. Miaka 5 hadi 15 ya kuingia ziwani kila siku inatosha kuvalisha vitawi hivyo koti nene la makovu. Seli za ini zenyewe ziko salama, ateri inaendelea kuzilisha.

Kwa lugha ya mtaani: kichocho kimefunga barabara ya kuingia soko la Mwanga, lakini ndani ya soko wauzaji na bidhaa wapo. Sirosisi imeunguza soko lenyewe.

Ndiyo maana mwenye kichocho anaweza kuwa na bandama kubwa kuliko ya mwenye sirosisi, akatapika damu beseni zima, na bado macho yake ni meupe, akili imetulia, na anarudi kuvuta nyavu. Mwenye sirosisi akitapika kiasi hicho hicho, mara nyingi siku ya pili anageuka njano, anachanganyikiwa na figo zinagoma.

Kwa mikono yako mwenyewe angalia haya. Ini la kichocho mara nyingi limevimba upande wa kushoto. Utalikuta gumu chini ya chembe cha moyo. La sirosisi iliyokomaa limenywea, hulifikii, au unagusa ukingo mgumu wenye matuta. Viganja vyekundu, vimishipa vya mfano wa buibui kifuani (kwa ngozi nyeusi vinaonekana kwa shida, tumia mwanga wa pembeni), mwanaume kuota matiti, misuli ya mapaja na mabega kuisha: hayo yote yanaelekea sirosisi, maana ni dalili za ini lililoshindwa kazi. Bandama kubwa, maji tumboni na kutapika damu havikusaidii kutofautisha, vinaonyesha tu presha imepanda.

---

Fundi_Hadubini_TBR (Tabora)

Naongezea upande wa maabara, maana hapo ndipo watu wanapotezwa.

Usianze na ALT na AST, vimeng'enya vya ini vinavyopimwa kwenye damu. Zinaonyesha seli zinazoumia leo, hazionyeshi ini limebakiwa na nguvu gani. Mwenye sirosisi ya miaka mingi anaweza kuwa na ALT ya kawaida kabisa kwa sababu seli za kuumia zimebaki chache. Nguvu ya ini isome kwenye albumini, bilirubini na INR (kipimo cha damu kuchelewa kuganda). Albumini chini ya gramu 35 kwa lita, INR juu ya 1.5, bilirubini imepanda: fikiria sirosisi. Zikiwa zote sawa huku bandama imefika kitovuni: fikiria kichocho kwanza.

INR ikiwa juu, mpe vitamini K miligramu 10 kisha rudia kipimo kesho yake. Ikishuka, tatizo lilikuwa upungufu wa vitamini, labda nyongo imeziba au halishwi vizuri. Isiposhuka, ini ndilo limeshindwa kutengeneza.

Sasa mtego. Kuna hesabu inaitwa APRI ambayo vituo vingi wanaitumia kukisia makovu: AST ya mgonjwa gawanya kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara yako, gawanya kwa plateleti, yaani chembe za kugandisha damu (kwa maelfu), zidisha kwa 100. Mfano AST 80, kiwango cha juu 40, plateleti 100: unapata 2. Kwa mwenye homa ya ini B, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unasema zaidi ya 0.5 ni makovu ya kutiliwa maanani, zaidi ya 1 ni dalili ya sirosisi kwa mtu mzima. Lakini chukua mtu wa kichocho: AST 35, ya kawaida kabisa, ila bandama imekula plateleti zimebaki 60. Hesabu inatoa karibu 1.5, anaandikiwa sirosisi. Plateleti hazikushushwa na seli za ini. Huku kwetu Tabora mtego huo huo unaletwa na bandama ya malaria ya muda mrefu. Ukiona bandama kubwa, APRI iweke pembeni.

Choo kikubwa: sampuli moja haitoshi, chukua tatu za siku tofauti. Kwa njia ya Kato-Katz tunapima miligramu 41.7 za choo, tunahesabu mayai na kuzidisha kwa 24 kupata idadi kwa gramu. Kuanzia 400 ni maambukizi mazito. Ila mtu aliyefikia hatua ya makovu anaweza asitoe yai hata moja, minyoo wamezeeka au ameshakunywa dawa za kampeni. Choo safi hakifuti kichocho cha zamani.

Na kila mmoja wao, awe mnywaji au shehe, apimwe HBsAg, kipimo cha homa ya ini B. Kipimo ni tone la damu. Kuacha kukipima kwa sababu "huyu ni wa kichocho" ni uzembe, niseme wazi tu.

Maji ya tumbo yakitolewa, hata mililita 20, usiyamwage. Nataka hesabu ya seli na albumini. Toa albumini ya maji kwenye albumini ya damu ya siku hiyo hiyo: tofauti ikiwa gramu 11 kwa lita au zaidi, maji yametokana na presha ya vena ya lango. Ikiwa chini ya hapo, tafuta TB ya tumbo au saratani. Seli nyeupe aina ya nyutrofili zikifika 250 kwa milimita moja ya ujazo, maji yameingia bakteria. Huyo anaanza antibiotiki leo, hangoji majibu ya kuotesha.

---

Nesi_wa_Ziwani

Asanteni sana. Fundi, hiyo ya APRI imenifungua macho, tumekuwa tukiitumia kwa kila mtu.

Upande wa matunzo je? Wengi wakitoka hospitali wameambiwa wasile nyama, samaki wala maharage "ili ini lipumzike", wale uji mweupe tu. Halafu wamepewa dawa za kukojoa, na ndugu wanawaongezea mizizi ya kusafisha ini. Na mawese waache?

---

Lishe_Mwandiga

Uji mweupe tu! Huko ndiko kummalizia mtu misuli. Mwenye sirosisi anahitaji protini nyingi kuliko mimi na wewe: gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili wake mkavu, yaani bila maji. Mtu wa kilo 60 ni gramu 72 hadi 90 kwa siku. Misuli nayo inasaidia kuondoa amonia, ukiikausha amonia inapanda zaidi. Gramu 50 za dagaa wakavu zina karibu gramu 30 za protini, yai moja 6, bakuli la maharage yaliyopikwa kama 15. Haiwi ghali kwa mtu wa Kigoma.

Jambo la pili ni usiku. Ini lenye makovu halina akiba ya sukari, hivyo usiku mmoja wa kulala na njaa unachoma misuli yake sawa na mtu mwenye afya aliyekaa siku 2 hadi 3 bila kula. Kabla ya kulala apate chakula: kikombe kikubwa cha uji wenye karanga au maziwa, au viazi vitamu viwili. Ramadhani mwenye sirosisi yenye maji tumboni azungumze na daktari kwanza. Saa nyingi bila chakula na maji zinamwelemea.

Kwa mwenye maji tumboni adui ni chumvi. Kiwango ni gramu 5 kwa siku, kijiko cha chai kimoja kisichojaa, kwa vyakula vyote vya siku nzima. Na chumvi haiko kwenye kopo tu. Magadi ya kulainishia maharage na mlenda ni sodiamu. Hamira ya unga ya maandazi, kiungo cha mchemraba, migebuka ya chumvi, dagaa waliotiwa chumvi kabla ya kuanikwa, vyote vinahesabika. Nunua dagaa wa jua wasio na chumvi. Kama hakuna, waloweke kwenye maji ya moto, mwaga, osha tena mara mbili, ndipo upike kwa ndimu, nyanya na vitunguu. Maji ya kunywa hayabaniwi mpaka daktari aone sodiamu ya damu imeshuka sana.

Mawese hayana kosa, yale kwa kiasi. Mnisikie tu kwa hili: mtu anayekula mawese mekundu kwa wingi viganja vinaweza kugeuka njano, lakini weupe wa macho haubadiliki. Manjano ya ini huonekana machoni. Mfunue kope mchana, kwenye mwanga wa jua.

Mwenye kichocho asiye na maji tumboni ale kila kitu. Hana sababu ya kunyimwa chumvi.

---

Daktari_wa_Tumbo

Lishe amemaliza, sina la kuongeza hapo. Nije kwenye dawa.

Kichocho: prazikwanteli miligramu 40 kwa kilo, mara moja, baada ya kula. Kidonge kina miligramu 600, kwa hiyo kilo 60 ni vidonge 4. Inaua minyoo wakubwa, haiwagusi wachanga, ndiyo maana anayeingia ziwani kila siku arudie baada ya wiki 4 hadi 6. Kovu changa, hasa kwa vijana, hupungua kwa miezi hata miaka baada ya dawa. Kovu la zamani hubaki, na presha hubaki nalo. Kwa hiyo mwenye kichocho aliyekwisha kutapika damu hajapona kwa kumeza vidonge 4. Anahitaji kamera ya umio na mishipa kufungwa mipira, hospitali ya rufaa kama Bugando au Muhimbili. Mwenye sirosisi ya manjano au maji mengi naye anapewa prazikwanteli akikutwa na mayai, ila awe chini ya uangalizi, ini lake linaivunja polepole na dawa inakaa juu mwilini.

Homa ya ini B yenye sirosisi: tenofoviri miligramu 300 kila siku, bila kungoja wingi wa virusi, na haiachwi. Ukiiacha ghafla virusi vinaamka na ini dhaifu linaweza kufeli ndani ya wiki chache. Angalia na walio kwenye ARV zenye tenofoviri: mtu akibadilishiwa dawa bila kuangaliwa HBsAg, ndipo balaa linapoingilia. Wa nyumbani wapimwe na wachanjwe. Dozi tatu, ya leo, ya baada ya mwezi, ya mwezi wa 6. Kula sahani moja hakuambukizi. Wembe mmoja unaambukiza.

Dawa za kukojoa ni za maji ya tumboni tu, si za tumbo kubwa lililojaa bandama. Anza na spironolaktoni miligramu 100 asubuhi, ongeza furosemidi 40. Furosemidi peke yake inavuruga potasiamu na maji hayatoki vizuri. Apimwe uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula. Mwenye maji tumboni bila miguu kuvimba apungue nusu kilo kwa siku, si zaidi. Mwenye miguu iliyovimba anaweza kufika kilo moja. Akichanganyikiwa, mkojo ukipungua, au sodiamu ikishuka chini ya 125, simamisha. Tumbo likikaza mpaka hapumui vizuri, maji yatolewe kwa sindano. Yakizidi lita 5 arudishiwe albumini gramu 6 hadi 8 kwa kila lita iliyotoka, la sivyo figo zinasimama.

Kuchanganyikiwa kwa sababu ya amonia: laktulosi (dawa ya maji ya kulainisha choo) mililita 15 hadi 30, mara 2 hadi 4 kwa siku, mpaka apate choo laini mara 2 au 3. Akiharisha mara 8 umepitiliza, unamkausha maji na anachanganyikiwa zaidi. Na tafuta kilichomwamsha: kufunga choo, maambukizi, kutokwa damu, dawa za usingizi.

Sindano ya diklofenaki na vidonge vya ibuprofeni vipigwe marufuku. Vinabana damu ya figo na kuchubua tumbo la mtu ambaye tayari mishipa ya umio imevimba. Maumivu: parasetamoli, isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500. Watu wanaogopa parasetamoli na kukimbilia diklofenaki, ni kinyume.

Mizizi ya kusafisha ini hapana. Ini halina uchafu wa kusafishwa, na ipo mimea inayoziba vena ndogo za ini na kuleta maji tumboni kwa mtu aliyekuwa mzima.

---

Fundi_Hadubini_TBR (Tabora)

Pombe nayo isisahaulike kabisa kwa sababu tumeitetea hapo juu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe. Gongo ya asilimia 40, robo lita tu, inakaribia gramu 80, na anayeiuza hajui asilimia zake. Kwa mwenye sirosisi kiwango ni sifuri, hata kama chanzo kilikuwa virusi.

Na mahindi na karanga zenye ukungu. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haifi kwa kupikwa, na ikikutana na homa ya ini B hatari ya saratani ya ini inapanda sana kuliko kila moja ikiwa peke yake. Kupima ukavu wa mahindi nyumbani: tia chumvi kavu na mahindi kidogo kwenye chupa kavu ya kioo, funika, tikisa dakika chache, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Kwa kuhifadhi tunataka 13.

Mwenye sirosisi apigwe utrasaundi kila miezi 6, na AFP (kipimo cha damu cha kutafuta saratani ya ini) ikipatikana. Uvimbe wa sentimita 2 una cha kufanyiwa. Wa sentimita 10 mara nyingi hauna.

---

Nesi_wa_Ziwani

Swali la mwisho. Akija anatapika damu saa nane usiku, na gari la wagonjwa liko mbali, nifanye nini kwanza?

---

Daktari_wa_Tumbo

Mlaze ubavu wa kushoto asipaliwe na damu. Weka kanula mbili kubwa, maji ya Ringer kwa kiasi, mpaka presha ya juu ifike 90 hivi. Usimjaze, ukiipandisha sana unafungua tena mshipa uliokuwa umeanza kuziba. Damu nayo ni hivyo hivyo, tunalenga hemoglobini 7 hadi 8. Seftriaksoni gramu 1 kwenye mshipa, mapema, maana maambukizi yanawaua hawa sawa na damu yenyewe. Propranololi, dawa ya kushusha presha ya vena ya lango, ni ya kuzuia, haitolewi akiwa anatoka damu. Oktreotidi, sindano ya kupunguza damu inayoingia vena ya lango, kama hospitali ya mkoa inayo, waanze wao. Usimwekee mpira wa pua kwa kulazimisha.

Kwenye karatasi ya rufaa usiandike "tumbo kubwa" ukaishia hapo. Andika saa alipoanza kutapika, mabeseni au vikombe vingapi, presha na mapigo, macho ni meupe au njano, anajua yuko wapi au hajui, HBsAg, dozi ya mwisho ya prazikwanteli, na kama amechomwa diklofenaki wiki hiyo. Chukua sampuli ya kundi la damu kabla hujamsukumia maji mengi, na waambie ndugu wawili wenye afya wapande naye gari, hospitalini watatakiwa kuchangia.